SGR Inaishia Dodoma, Deni Linafika Makutupora

Makamanda, zile video mmeshaziona. Treni inatoka Stesheni Dar, inapita juu ya daraja la zaidi ya kilomita 2 katikati ya jiji. Chini bajaji na daladala zimenasa kwenye foleni, juu watu wanapiga selfi. Hatuna wivu, wana Dar wapande. Swali letu ni moja: Singida tunapanda lini?

Wakiulizwa, jibu lao ni "bado inajengwa". Hiyo ni nusu ya ukweli. Kipande cha Makutupora–Tabora, kilomita 368, kilisainiwa Desemba 2021. Hicho ndicho kinapita Manyoni mjini na Itigi. Sawa, kijengwe.

Lakini Makutupora yenyewe iko wapi? Iko Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida! Na imo kwenye mkataba wa Morogoro–Makutupora, kilomita 422, wa mwaka 2017. Ni mkataba uleule ulioifikisha treni Dodoma. Abiria wakaanza kushuka Dodoma Julai 25, 2024, treni ikageuzia hapohapo. Yaani kituo cha mwisho cha mkataba kiko kwetu, ila kituo cha mwisho cha abiria kiko kwa jirani.

Tuje kwenye hela. Februari 2020 serikali ilisaini na Standard Chartered mkopo wa dola bilioni 1.46 kwa ajili ya reli ya Dar hadi Makutupora. Deni halikushuka Dodoma, bana! Mama wa Itigi akinunua sabuni anakatwa kodi kama wa Masaki.

Nauli ya kawaida Dodoma–Dar ilitangazwa shilingi 31,000. Muuza kuku wa Manyoni anaanza kulipa basi mpaka Dodoma, halafu ndiyo akate tiketi ya treni. Huyo ndiye analipia maendeleo mara mbili.

Tunadai mambo matatu. TRC watangaze tarehe ya abiria kupanda Makutupora, siyo "hivi karibuni". Mpaka siku hiyo, yawepo mabasi ya kuunganisha Manyoni na stesheni ya Dodoma kwa tiketi moja. Na wabunge wetu wasimame bungeni waulize, wasisubiri kualikwa kukata utepe.

Vijana wa Manyoni, Ikungi, Iramba, Mkalama: mtumieni mbunge wako andiko hili leo. Akikujibu, weka jibu lake hapo chini tulisome wote.