Maji Yaliyogeuzwa Ukuta

Mtu aliyepata kuchimba kisima katika mito ya mchanga, kama ile ya Ukambani, ajua kwamba adui wake si mwamba. Mwamba hupasuliwa, ingawa kwa jasho jingi, na ukuta wake husimama wenyewe. Adui ni mchanga uliojaa maji. Kila karai litolewalo, mchanga wa pande zote huteremka ukajaza mahali pake, na mchimbaji asipoangalia humfukia. Shida hiyo hiyo, lakini kubwa mno, iliwapata wachimbaji wa makaa ya mawe huko Ulaya katika karne ya 19.

Huko Murton, katika jimbo la Durham kaskazini ya Uingereza, makaa yalilala chini ya mawe ya chokaa, na chini ya chokaa hiyo palikuwa na tabaka la mchanga na maji. Kazi ilianza mwaka 1838. Mitambo ya mvuke ilifungwa mmoja baada ya mwingine, hata ikafikia kuvuta galoni zipatazo 9,000 kila dakika. Msomaji apimaye kwa debe na ahesabu: ni madebe zaidi ya 2,000 kwa dakika moja. Makaa yalipatikana mwaka 1843, baada ya fedha nyingi sana kutumika. Si kila shimo lilipona hivyo. Machi 1897, katika machimbo ya Shakespeare karibu na Dover, maji yalibubujika ghafula ndani ya shimo wakati watu wakiwa kazini, na 8 kati yao wakafa maji.

Mfaransa mmoja, Jacques Triger, alikuwa amekwisha jaribu njia nyingine katika bonde la mto Loire, kuanzia mwaka 1839. Alishusha bomba kubwa la chuma mchangani, akashindilia hewa ndani yake ili iyasukume maji nje, na watu wakachimba pakavu. Ilikuwa hila njema, na makaa yakafikiwa. Lakini watu waliumwa masikio, na wengine walipotoka nje walishikwa na maumivu makali ya viungo. Tena, kadiri shimo linavyokwenda chini ndivyo hewa ipasavyo kushindiliwa zaidi, na mwili wa binadamu una mpaka wake.

Ndipo Mjerumani, F. H. Poetsch, alipoleta shauri la ajabu mwaka 1883: badala ya kuyafukuza maji, yagandishwe papo hapo yalipo. Alilitenda katika machimbo ya Archibald, karibu na Schneidlingen. Kazi yenyewe ni hivi. Kuzunguka mahali pa shimo hutobolewa matundu membamba, yakiachana kiasi cha hatua moja, mpaka yafike kwenye tabaka gumu lisilopitisha maji. Katika kila tundu hutiwa bomba lililozibwa chini, na ndani yake bomba jingine jembamba. Maji makali ya chumvi, yaliyopozwa kwa mtambo wa amonia hata yakawa baridi kuliko barafu bila kuganda, hushuka kwa bomba la ndani na kupanda kwa lile la nje. Udongo ulioligusa huganda. Majuma hupita, pengine miezi, na nguzo hizo za barafu hunenepa hata zikashikana kuwa ukuta mmoja wa mviringo.

Je, fundi atajuaje kwamba ukuta umefunga, naye hauoni? Huacha tundu moja katikati. Barafu ikifungana pande zote, maji yaliyobaki ndani hukosa pa kwenda, nayo hupanda katika tundu hilo. Hapo tu ndipo watu huruhusiwa kushika sururu.

Hatari iko katika utoboaji. Tundu likipinda chini kwa futi chache, huacha dirisha lisiloganda kati yake na jirani yake, na kwa dirisha hilo maji yote ya nchi huingia. Kwa hiyo kila tundu hupimwa unyofu wake. Mimi naona huo ndio ufundi mkubwa kuliko mtambo wenyewe. Vilevile maji yaendayo kasi chini ya ardhi huichukua baridi kabla haijashika. Na baridi haikatizwi hata shimo livishwe pete za chuma cha kusubu, zilizofungwa kwa bolti na kuzibwa maungo yake. Kisha barafu huachwa iyeyuke polepole, na maji hurudi kuusukuma ukuta mpya.

Njia hii haikubaki kwa makaa peke yake. Huko Esterhazy nchini Kanada wachimbaji waligandisha tabaka la mchanga na maji lililowazuia kufikia potasi, na mwaka 1962 machimbo yakaanza kuitoa. Potasi hiyo ni chumvi ile wakulima wanayoijua katika magunia ya mbolea.