Umesifu uzito, umeruka mdondo

Mwandishi, katika makala yako umesifu uzito wa kuku wa Kuroiler na Sasso, lakini ugonjwa wa mdondo umeuruka. Huku kwetu Ololosokwan hesabu huharibikia hapo. Kuku aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya nyama, chakula chake kingi huishia kwenye misuli, na kinga mara nyingi hubaki nyuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzao wa Marekani waliwaambukiza kuku wetu wa kienyeji, yaani Kuchi, Ching'wekwe na kuku wa Morogoro, virusi vya mdondo, wakaona uwezo wa kuvihimili kwa kiasi fulani hurithiwa. Mbegu ya kuchagua tunayo, basi! Ila hata Kuchi asiyechanjwa hufa. Chanjo ya I-2 huvumilia joto, nayo ni tone moja jichoni kila miezi mitatu. Ungeanza na hilo.