Tununue Kivuli, Tusinunue Giza

Lugha ya Kiswahili hutofautisha giza na kivuli, na tofauti hiyo si ya maneno matupu. Giza ni ukosefu wa nuru. Kivuli ni hifadhi dhidi ya jua. Mtu aliyeketi chini ya mgunga anaona na anaonekana, ila jua halimchomi. Yafaa jambo hili lizingatiwe na wenye magari wa Turkana, kutoka Kerio hadi Lodwar na kutoka Lodwar hadi Kakuma, hasa wale ambao hununua karatasi nyeusi na kuibandika wenyewe nyumbani kwenye vioo vya magari yao ili kuepuka gharama ya fundi.

Hakuna awezaye kuwalaumu kwa kutaka kujikinga. Lodwar ni miongoni mwa miji yenye joto kali zaidi nchini Kenya. Mchana nyuzi 35 za selsiasi ni jambo la kawaida, mawingu ni adimu na mvua ni haba. Usukani wa gari lililoegeshwa juani haushikiki. Kwa hivyo swali si iwapo mtu ajikinge au asijikinge. Swali ni iwapo kile anacholipia kinamkinga kweli.

Wengi hudhani kwamba kadiri karatasi inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyozuia joto. Dhana hii haina msingi. Takriban nusu ya nishati ya jua inayotufikia husafiri katika miale ya infraredi, ambayo jicho halioni. Karatasi ya bei ya chini ni plastiki iliyotiwa rangi tu. Hupunguza mwanga unaoonekana, lakini huruhusu sehemu kubwa ya miale hiyo ya joto kupita. Na mwanga inaoufyonza hugeuka kuwa joto kwenye kioo chenyewe, ambalo sehemu yake huingia ndani ya gari. Baada ya muda chini ya jua kali rangi hupauka na kuwa ya zambarau, na malengelenge hutokea. Kinyume chake, karatasi yenye chembe za kauri yaweza kuwa angavu na bado ikazuia joto kuliko ile nyeusi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mnunuzi asimuulize mwenye duka karatasi ina weusi gani, bali inazuia asilimia ngapi ya nishati ya jua.

Hatari kubwa zaidi huja magharibi. Huku kwetu karibu na ikweta jua likishatua giza huingia upesi, na barabarani bado kuna mbuzi, ngamia, watoto wanaorejea nyumbani na bodaboda zisizo na taa. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ikiwa kioo cha kawaida hupitisha asilimia 75 ya mwanga, na karatasi hupitisha asilimia 20, basi vyote viwili kwa pamoja hupitisha asilimia 15 tu. Dereva aliyejipunguzia nuru kiasi hicho kwenye vioo vya ubavuni hatamwona mchungaji anayevuka hadi awe amechelewa. Ndiyo maana Uingereza huhitaji vioo vya ubavuni mwa dereva vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga, na Japani, yanakotoka magari yetu mengi ya mitumba, ina kiwango hicho hicho kwa vioo vya mbele, ingawa vile vya nyuma huruhusiwa kuwa vyeusi.

Aidha, kuna suala la usalama wa umma. Baada ya mabasi mawili kushambuliwa kwa mabomu katika barabara ya Thika tarehe 4 Mei 2014, serikali iliyaandama magari ya abiria yenye vioo vyeusi. Sababu ni wazi: askari aliye kizuizini anataka kuona nani yumo ndani. Katika barabara ya Kitale hadi Lodwar, ambayo kwa miaka mingi imejua mashambulizi ya majangili, gari lisilojulikana limebeba nani huzua hofu kwa askari na kwa raia pia.

Kwa anayeamua kufanya kazi hii mwenyewe, basi aifanye kwa busara. Kioo cha mbele akiache kama kilivyo, kwa kuwa kina tabaka la plastiki katikati linalozuia karibu miale yote ya urujuanimno. Vioo vya ubavuni mwa dereva avipe karatasi angavu inayozuia joto, na ile nyeusi kidogo iwe ya nyuma tu. Kazi ifanywe alfajiri, ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana upepo wa Turkana hubeba mchanga, na chembe moja chini ya karatasi huwa lengelenge la kudumu. Kioo kioshwe na kukwanguliwa kwa wembe, isipokuwa kile cha nyuma chenye nyaya za kupasha joto, ambazo wembe huzikata. Kisha kilowanishwe kwa maji yenye sabuni kidogo, na maji yasukumwe kwa kipande cha mpira kutoka katikati hadi pembeni. Vioo visishushwe kwa siku kadhaa.

Hata hivyo, kinga ya gharama ndogo kuliko zote si karatasi ya kubandika. Ni kipande cha katoni kilichofunikwa kwa karatasi ya fedha na kuwekwa nyuma ya kioo cha mbele wakati gari limeegeshwa. Ni kuegesha mtini. Ni kufungua milango yote kwa dakika chache kabla ya safari. Na ieleweke kwamba hakuna karatasi inayompa mtu ruhusa ya kumwacha mtoto ndani ya gari lililofungwa. Katika dakika 10 joto la ndani laweza kupanda kwa takriban nyuzi 10, na katika mji ambao tayari una nyuzi 35 hiyo ni hatari ya kifo.

Mwisho, tuwatazame wakubwa wetu. Vioo vyeusi kabisa vimekuwa alama ya cheo, na magari yake hupita Lodwar bila salamu wala uso. Kumbe wazee wa Kiturkana tangu jadi wameamua mambo ya jamii chini ya mti, kivulini, kila mmoja akimwona mwenzake. Wenye maduka na waandike viwango vya kuzuia joto kwa Kiswahili, na mamlaka ya NTSA ieneze kanuni za vioo kwa lugha ambayo dereva wa Kerio anaielewa. Mwananchi akishajua tofauti ya giza na kivuli, hatadanganywa dukani, wala hatamgonga mtoto wa jirani jioni.