Mizani ya Saa na Mizani ya Haki

Neno mizani lina makao mawili katika lugha ya Kiswahili. Kwa mtunzi wa mashairi, mizani ni hesabu ya silabi: kipande cha nane hukabiliana na kipande cha nane, na mshororo ukipungua silabi moja tu, sikio la msikilizaji hushtuka. Kwa mkulima wa karafuu wa Mgogoni, kaskazini ya Pemba, mizani ni ile inayopima jasho lake kabla ya kulipwa. Makao ni mawili, lakini sharti ni moja: pande zote zipimwe kwa kipimo kimoja. Mizani inayohesabu upande mmoja kwa uangalifu na kuufumbia macho upande wa pili haistahili kuitwa kwa jina hilo.

Mpira wa miguu wa zama hizi umeshikwa na homa ya saa. Mwaka 1992 kipa alikatazwa kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Mwaka 2000 akapewa sekunde sita za kuushika mpira kabla ya kuuachia. Katika Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar waamuzi waliagizwa wafidie kila dakika iliyopotea, na mchezo wa Uingereza na Iran peke yake ukaongezwa dakika zipatazo 27 kwa vipindi vyote viwili. Kuanzia Julai 1, 2025, kipa anayeushika mpira kwa zaidi ya sekunde nane huadhibiwa kwa kona, na mwamuzi huzihesabu kwa vidole sekunde tano za mwisho ili kila mtu azione.

Hapana mwenye akili atakayepinga nia ya kanuni hizo. Mchezaji anayejitupa chini bila ya kuguswa, akagaagaa kama aliyechomwa mkuki, kisha akainuka mbio mara baada ya firimbi, anawaibia waliolipa kiingilio. Vijijini jambo hilo halikuhitaji mkutano wa wakubwa wa Ulaya. Mchezo wa jioni katika viwanja vya Pemba huanza baada ya alasiri na hauna budi kwisha kabla ya adhana ya magharibi. Anayepoteza muda anaupoteza wa watu wote, na watazamaji wenyewe humwambia hivyo kwa lugha asiyoweza kujifanya hakuisikia.

Kosa halimo katika kuhesabu sekunde. Kosa limo katika imani iliyoenea kwamba mpira wa visiwani utaokolewa kwa kuhesabu sekunde. Husemwa kuwa mchezo ukichangamka watazamaji watarudi viwanjani, watazamaji wakirudi televisheni itavutiwa, televisheni ikivutiwa wadhamini watatoa fedha, na fedha zikitoka klabu ndogo nazo zitashiba. Mlolongo huo ni mzuri kuusikiliza. Una kasoro moja: umeruka bahari.

Klabu ya kaskazini ya Pemba inayokwenda kucheza Unguja haianzi kuhesabu muda wake firimbi inapopulizwa. Huanza barabarani, kuelekea bandari ya Wete au kuteremka mpaka Mkoani, kusini kabisa ya kisiwa. Hupanda chombo, huvuka mkondo, hushuka Unguja wachezaji wakiwa na kichefuchefu, hutafuta pa kulala na pa kula. Baada ya dakika tisini za mchezo, safari ile ile huanza upya kwa kurudi. Nauli hulipwa kwa wachezaji, walimu, mganga na viongozi. Kijana anayeishi kwa uvuvi, kwa bodaboda au kwa kuchuma karafuu huacha siku za kazi ambazo hakuna atakayemlipa. Na watu wa Pemba hawahitaji kukumbushwa kuwa bahari hiyo si ya mzaha: Septemba 10, 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikachukua roho za mamia ya watu. Sekunde nane za kipa zina mwamuzi wa kuzihesabu. Saa za mkondoni hazina.

Itajibiwa kuwa klabu za Unguja nazo huvuka kwenda Pemba. Ni kweli, lakini hesabu haijakamilika. Katika ligi moja ambayo klabu nyingi zaidi zina makao Unguja, klabu ya Unguja huvuka mara chache kwa msimu, na michezo yake mingi ya ugenini huifikia kwa basi na kurudi kulala nyumbani. Klabu ya Pemba huvuka kwa sehemu kubwa ya michezo yake ya ugenini. Kanuni imeandikwa kwa herufi sawa kwa wote, ila bahari inamtoza mmoja zaidi kuliko mwenziwe. Waliopanga ligi katikati ya miaka ya 2010 waliliona jambo hilo, ndipo Ligi Kuu ikachezwa kwa kanda mbili, ya Unguja na ya Pemba, na timu bora zikakutana katika hatua ya nane bora. Kanda zilipoondolewa na ligi kuwa moja, lilifanyika jambo la heshima, kwani Zanzibar ni moja na bingwa awe mmoja. Lakini umoja ulipotangazwa, gharama ya umoja ilibakia kwa mnyonge.

Hata kanuni zenyewe za mchezo zimeacha kumhurumia. Tangu 2022 ruhusa ya kubadilisha wachezaji watano imekuwa ya kudumu. Inasifiwa kwa kulinda afya za wachezaji na kuufanya mchezo uende kasi mpaka mwisho. Kwa klabu tajiri, watano hao ni timu ya pili inayoingia uwanjani na miguu mipya. Kwa klabu iliyopunguza abiria ili nauli itoshe, benchi ni refu kuliko waliolikalia. Katika dakika ya themanini, walioteremka melini wakipambana na walioletwa na basi, kipa anayeushika mpira sekunde tisa huenda si tapeli. Huenda anawatafutia wenzake pumzi. Kumwadhibu ni haki ya sheria. Kutouliza kwa nini wamechoka ni ujinga wa kuchagua.

Sasa na itazamwe daftari ya mabingwa. Katika misimu 12 iliyotoa bingwa kuanzia 2013 hadi 2024, ubingwa wa Zanzibar ulichukuliwa mara sita na KMKM, mara tatu na JKU, mara moja na Mafunzo, mara moja na Zimamoto. Hao wote ni vikosi vya serikali. Mara moja tu, mwaka 2020, alipenya asiyekuwa wa vikosi, naye ni Mlandege ya mjini Unguja. Hakuna hata msimu mmoja kati ya hiyo ambao kombe lilivuka kwenda Pemba, ijapokuwa kisiwa hicho si kigeni kwa heshima: Jamhuri ya Wete iliwahi kuiwakilisha Zanzibar katika mashindano ya klabu za Afrika.

Si haki kuvilaumu vikosi kwa kushinda. Vimewapa ajira vijana wengi ambao mpira pekee usingewalisha, na mchezaji mwenye mshahara wa uhakika hufanya mazoezi kwa moyo uliotulia. Lakini hapo ndipo siri ilipo. Siri ya ubingwa ni mshahara wa mwezi, wala si kasi ya mchezo. Klabu ya kijiji huishi kwa michango, na michango ya Pemba hufuata mkarafuu, mti ambao mwaka huu huzaa ukajaza majamvi na mwaka wa pili ukawaacha watu wakitazama majani. Kuzishindanisha fedha za mwezi na fedha za msimu, kisha kusema aliyeshindwa hana bidii, ni sawa na kumpa mmoja dau lenye tanga na mwengine dau lenye kafi, na ufukweni wakasifiwa kwa usawa wa mashindano.

Wanaoamini kuwa mwendo wa mchezo ndio dawa na waitazame Marekani, kwenye mchezo wao wa besiboli. Huko malalamiko yalikuwa kwamba mchezo unachosha, unapita saa tatu. Mwaka 2023 ligi yao kuu iliweka saa uwanjani: mrushaji akapewa sekunde 15 za kurusha mpira iwapo hakuna mkimbiaji kwenye vituo, na 20 iwapo yupo. Dawa ilifanya kazi iliyotumwa. Urefu wa mchezo ulipungua kwa zaidi ya dakika 20, ukawa karibu saa mbili na dakika arubaini, na watazamaji wakaongezeka. Je, klabu ndogo zilipona? Mwaka uliofuata, 2024, Athletics, klabu iliyokuwa na bajeti ndogo ya mishahara, ilicheza msimu wake wa mwisho Oakland baada ya zaidi ya nusu karne, ikahamia Sacramento kwa muda huku ikisubiri uwanja Las Vegas. Saa ilifupisha mchezo; haikuizuia klabu kuuhama mji wake.

Tena Wamarekani, ambao hakuna atakayewashuku kuwa maadui wa biashara, hawakuiacha saa ifanye kazi peke yake. Klabu zao 30 hutia karibu nusu ya mapato yao ya nyumbani katika mfuko mmoja, kisha mfuko ukagawiwa sawa kwa sawa, na klabu inayopita kiwango fulani cha mishahara hutozwa kodi. Wanajua kuwa klabu haiwezi kucheza na kivuli chake: tajiri asiye na mpinzani hana mchezo wa kuuza. Mfuko huo nao umeonesha aibu yake, kwani baadhi ya matajiri wenye klabu ndogo wamelaumiwa kwa kupokea mgao na kuuficha mfukoni badala ya kuutumia kwa wachezaji. Funzo basi ni la pande mbili: bila ya mfuko hakuna usawa, na bila ya hesabu ya wazi hakuna mfuko.

Barani Afrika nako jambo hili limeanza kufahamika. Kuanzia msimu wa 2024/25, CAF iliamua kuzipa dola 50,000 klabu zinazoshiriki hatua za awali za mashindano yake, kwa kutambua kuwa safari pekee inatosha kuifilisi klabu. Ikiwa Cairo wamekiri kuwa gharama ya kufika uwanjani ni sehemu ya haki ya mchezo, ni muhali gani uliopo kati ya Mkoani na Malindi?

Wapo watakaosema kuwa Pemba haina watazamaji wa kutosha kubeba mpira wa daraja la juu. Januari 2025 iliwajibu. Kombe la Mapinduzi lilipelekwa uwanja wa Gombani, Chake Chake, kwa timu za taifa, na Zanzibar ikalitwaa mbele ya watu wake kwa kuifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 1. Serikali ilipotaka, wageni walifikishwa Pemba, wakalazwa, wakalishwa na wakacheza. Kilichowezekana kwa sherehe ya siku chache hakiwezi kuitwa ndoto kinapoombwa kwa ligi ya miezi.

Wengine watataja usiku wa Januari 13, 2024, Mlandege ilipoifunga Simba bao 1 kwa 0 katika fainali ya kombe hilo, wakasema mnyonge akijituma hushinda. Hushinda, naam, usiku mmoja. Mtu anaweza kuzuia pumzi akazamia mara moja akaibuka na lulu. Hawezi kuishi chini ya maji. Ligi haipimwi kwa usiku mmoja, nayo humshinda maskini kidogo kidogo: leo nauli, kesho kiatu, keshokutwa mfungaji wake bora anapoitwa Unguja na kikosi, naye huwa hana sababu ya kukataa.

Kinachotakiwa si sadaka. Fedha za udhamini na za televisheni, kabla ya kugawa zawadi za ushindi, zitoe kwanza gharama za safari za baharini, zilipwe na ligi nzima kwa kuwa ligi nzima ndiyo inayofaidika kuitwa ya Zanzibar. Ratiba ipangwe ili mvuko mmoja ubebe michezo miwili, wa Jumamosi na wa katikati ya wiki, kwa wanaokwenda na wanaokuja. Sehemu ya viingilio vya michezo mikubwa iingie mfuko wa pamoja. Na kila klabu inayopokea, iwe ya kikosi au ya kijiji, isome hesabu zake hadharani, ili isije ikawa nauli ya vijana imegeuka karamu ya viongozi.

Pemba inajua maana ya pambano la haki. Ni kisiwa cha Kamange na Sarahani, malenga waliojibizana kwa tungo mpaka majina yao yakawa hayatajwi mbali mbali. Malumbano yao yalikuwa na ladha kwa sababu kila mmoja alifungwa na vina na mizani vilivyomfunga mwenziwe. Lau mmoja angeruhusiwa mizani kumi na sita na mwengine akapewa kumi, kisha akachekwa kwa ufupi wa hoja zake, hakuna ambaye angeyahifadhi malumbano hayo. Yangeitwa dhuluma na kusahauliwa.

Kwa hiyo sekunde nane na zihesabiwe. Mwamuzi na ainue vidole vyake, na kipa mvivu aadhibiwe. Lakini kijana wa Mgogoni anayekiosha kiatu chake jioni ili awahi meli ya kesho ana haki ya kuuliza ni nani anayezihesabu saa zake, na nani anayezilipa. Mpaka swali hilo lipate jibu, kila sifa ya kasi ya mchezo itakuwa shairi lenye vina vya kupendeza na mizani iliyopungua, na wenye masikio wataendelea kulisikia pengo lake.