Si Kila Homa ni Homa ya Matumbo

Nataka kusema juu ya desturi moja inayotuibia mali, na mara nyingine hutuibia watoto.

Hapa Mwakitolyo mtu akishikwa na homa haulizi, "Naumwa nini?" Huuliza, "Taifodi yangu imepanda kiasi gani?" Huenda penye chumba cha dawa karibu na machimbo, hutolewa damu kidogo, naye hurudi na karatasi isemayo kwamba ana homa ya matumbo. Baada ya miezi mitatu huambiwa vivyo hivyo tena. Mwanafunzi wangu mmoja alitibiwa hivyo siku saba, na baba yake akauza mbuzi kulipia sindano. Alipofikishwa hospitali, hajitambui, alionekana ana malaria, wala hakuwa amepimwa malaria tangu mwanzo. Mungu alimponya, lakini si wote waponao.

Kosa li wapi? Kipimo kile ni cha Widal, Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Hakitafuti vijidudu vyenyewe, bali alama zilizomo katika damu ya mtu aliyepigana navyo. Nazo hukaa muda mrefu baada ya kupona, tena magonjwa mengine huweza kuleta alama kama hizo. Ni kama mchungaji aonaye nyayo za fisi za mwaka jana, akapiga yowe kwamba fisi yumo zizini. Kipimo cha kutegemewa zaidi ni kuotesha damu hospitalini mpaka vijidudu vyenyewe vionekane.

Na wataalamu walipopima hivyo waliona nini? Habari za Muheza, zilizotolewa mwaka 2010, zaeleza watoto zaidi ya 1,600 waliolazwa kwa homa, wakapimwa kwa njia zote mbili. Wenye homa ya matumbo hasa walikuwa kama 1 katika 100. Na katika kila 4 walioshitakiwa na Widal, ni 1 tu hivi aliyekuwa nayo kweli. Mwaka 2008, Dar es Salaam na Ifakara, walichunguzwa watoto 1,005 wenye homa. Wenye homa ya matumbo hawakufika 4 katika 100.

Mtu atanijibu, "Mwalimu, huko si kwetu, sisi twanywa maji ya madimbwi." Ni kweli, ugonjwa huu upo, nao huweza kutoboa utumbo na kuua. Kwa sababu hiyo hasa haifai jina lake lipewe kila homa. Tena dawa zinywewazo ovyo huwazoesha vijidudu, hata siku ugonjwa wa kweli ujapo, zisifae kitu.

Basi na tufanye mambo mawili. Kwanza, mwenye homa apimwe malaria siku ile ile; na akiambiwa ana taifodi kwa Widal peke yake, aulize kwa adabu kama hakuna sababu nyingine, wala asione haya kwenda hospitali. Pili, tuchemshe maji, tunawe mikono, tuchimbe vyoo. Twachimba maduara marefu kutafuta dhahabu, na shimo la choo latushinda! Waisraeli waliagizwa katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, watoke nje ya kambi na kufukia uchafu wao. Nasi tu watu wa kambi. Je, tutaendelea kununua kwa mbuzi zetu kile ambacho jembe lingetuepusha nacho?