Mguu wa Kuku Kejani: Nani Atapigwa Risasi Kwanza?

Wezi wakivunja nyumba moja tu mtaani, ndani ya saa moja wazee wote wamegeuka wataalamu wa silaha. Mmoja anasema Glock. Mwingine anasema hapana, Ceska ndiyo ya kazi, hata makarao wanaibeba. Wa tatu, ambaye hata panya kwake huuawa na mama watoto, anauliza shotigani inaenda pesa ngapi. Na sasa hii stori imeshuka mpaka kwetu. Msee ana miaka ishirini na tano, amepata kazi ya kwanza ya maana, amehamia chumba kimoja Ruaka, na swali lake la usalama ni moja: nianze na bastola gani?

Usianze na yoyote. Na kama ni buda wako ndiye anayetaka kununua, mkalishe chini kabla hajajaza fomu, kwa sababu anayeweza kufa kwa hiyo bastola ni wewe.

Sisemi hivyo kuwatisha. Fikirieni jinsi nyumba zetu zinavyoishi usiku. Nani hutembea gizani saa tisa? Mwizi, labda mara moja kwa miaka kumi, na wengi wenu hamjawahi kumwona. Lakini brathe anarudi kutoka sherehe amevua viatu ili mathe asimsikie. Siz anafungua mlango wa nyuma polepole kwenda kuongea na simu. Binamu kutoka ocha hajui swichi iko wapi, anapapasa ukuta. Wewe mwenyewe umeruka geti mara ngapi? Mzee mwenye usingizi na bastola mkononi hawezi kutofautisha kivuli cha mwanawe na cha mkora. Ana sekunde mbili, moyo unapiga kama ngoma, na miwani yake iko juu ya meza.

Afrika Kusini wameishi na bastola za nyumbani kwa muda mrefu kuliko sisi, kwa hivyo tuwaulize wao. Mwaka 2004, Rudi Visagie, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya raga, aliamka alfajiri akasikia gari linaondoka nyumbani kwake. Akajua ni mwizi. Akapiga risasi. Ndani ya gari alikuwa binti yake wa miaka 19. Huyo hakuwa mlevi wala mtu mbaya. Alikuwa baba anayelinda mali ya familia, yaani alifanya hasa kile ambacho wazee wetu wanasema wananunua bunduki ili wafanye.

Miaka tisa baadaye, tarehe 14 Februari 2013, Oscar Pistorius alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo nyumbani kwake Pretoria, akamuua mpenzi wake Reeva Steenkamp. Mtaa wake ulikuwa na ukuta na walinzi, si mtaa wa mabati. Utetezi wake kortini? Nilidhani ni mwizi. Desemba 2015 mahakama ya rufaa ilisema ni mauaji. Nataka muone jambo moja hapo: hadithi ya mwizi wa usiku inamtosha baba aliyekosea na inamtosha pia mwanaume aliyeua. Ukishaweka bastola ndani ya nyumba, hiyo hadithi inakaa tayari, inangoja mtu wa kuitumia.

Wasichana, hii sehemu ni yenu zaidi. Watafiti wa California waliwafuatilia mamilioni ya watu kwa miaka 12 na matokeo yakatoka 2022. Walikuwa wanaangalia watu ambao wao wenyewe hawana bastola lakini wanaishi na mtu aliye nayo. Hao walikuwa na uwezekano wa kuuawa zaidi ya mara mbili ukilinganisha na majirani wao wa nyumba zisizo na bastola. Uwezekano wa kupigwa risasi na kufa mikononi mwa mume, mke au mpenzi ulikuwa mara saba. Wengi sana wa waliokufa hivyo walikuwa wanawake. Utafiti mwingine wa watu haohao, wa 2020, uliangalia wenye bastola wenyewe. Wanaume wenye bastola walijiua kwa bunduki karibu mara nane zaidi ya wasio nayo. Wanawake, mara 35.

Najua mtasema hiyo ni Marekani. Sawa, turudi nyumbani. Desemba 2021, Kabete, hapa Nairobi, afisa wa polisi alimuua mke wake, akatoka nje akaua watu wengine kwa bunduki ya kazi, kisha akajiua. Huyo alikuwa na mafunzo. Alipimwa kabla ya kuajiriwa, alifundishwa kulenga, alifundishwa kuitunza. Sasa niambie mjomba wako anayevunja rimoti Arsenal ikifungwa atakuwa mtulivu kumshinda? Januari 2024 maelfu yetu tuliandamana kwa sababu wanawake wanauawa, na wengi huuawa na watu wanaowajua. Halafu tunataka kuwapa hao watu wanaojulikana kifaa cha kumaliza ugomvi kwa sekunde moja? Kwa jina la kulinda mama na watoto?

Na hapa kwetu mambo ya akili tunayafunika. Kijana akikaa chumbani wiki mbili tunasema ni mvivu, anahitaji kazi. Wengi wenu mnajua msee aliyekunywa kitu akakimbizwa hospitali, akaokolewa, na leo anacheka nasi. Aliyemeza dawa anaweza kutibiwa. Rafiki anaweza kufika. Bastola haikupi hiyo nafasi ya mtu kugonga mlango.

Sasa twende kwa hoja ya Westgate, maana lazima mtu ataileta. Na ni hoja nzito. Septemba 2013, kabla serikali haijajipanga, raia wenye leseni waliingia kwenye lile jumba na bastola zao wakatoa watu nje. Abdul Haji alikuwa mmoja wao, na ile picha ya mtoto anayekimbia kuelekea kwake dunia nzima iliiona. Nawaheshimu sana. Lakini waliokuwa mle ni pamoja na watu wanaofanya mazoezi ya kulenga mara kwa mara, wengine wakiwa wakufunzi, na walikuwa macho, mchana, wakijua wanaenda kukutana na nani. Huwezi kuchukua ushujaa wao ukaupachika kwa mtu aliyeamka na chupi, gizani, na ambaye mara ya mwisho alifyatua risasi siku ya mafunzo. Kati yao na mzee wa kawaida, tofauti ni mamia ya saa za mazoezi, na duka halikuuzii hizo saa pamoja na bastola.

Halafu kuna hesabu ambayo wauzaji wa ndoto hawapendi kuifanya. Ili bastola isiue mtoto wako, inafaa ikae ndani ya sefu ya chuma iliyofungwa ukutani, haina risasi ndani, na risasi ziko mahali pengine zimefungwa. Ili ikusaidie wakati mkora ameshavunja mlango, inafaa iwe chini ya mto, imejaa. Chagua moja. Hakuna bastola duniani inayofanya yote mawili. Wengi huanza na sefu, mwezi wa pili inahamia kwenye droo, mwezi wa nne iko juu ya kabati chini ya blanketi za wageni. Na watoto hujua kila kitu kilicho juu ya kabati, hiyo ni sheria ya maumbile.

Na nyumba zenyewe bana. Risasi ya bastola inapita kwenye mabati kama yamekatwa kwa karatasi, na mlango wa mbao wa floti zetu hauizuii. Ukikosa mkora kwenye korido, nyuma yake kuna mlango wa jirani, na nyuma ya huo mlango kuna watu wanalala chini kwa godoro. Hizo video mnazotazama zimepigwa kwenye nyumba za Marekani zilizosimama peke yake uwanjani. Wewe unaishi ploti ya vyumba thelathini, mnasikia mtu wa tatu juu akikohoa.

Tena usisahau kwamba bastola yenyewe ni mali ya kuibwa. Mkora akiingia kwako akapata tivi, ameramba elfu kadhaa. Akipata mguu wa kuku, amepandishwa cheo kazini. Neno likitoka kwamba mzee fulani ana chuma, na litatoka, maana wazee hawawezi kunyamaza na kitu kama hicho, basi nyumba yenu ina sababu mpya ya kuvamiwa, na safari hii hawatakuja wakitarajia mtu aliyelala.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Hapa Kenya Katiba haikupi haki ya kubeba silaha. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inakutaka uwe na sababu nzuri na uwe mtu anayeaminika kukaa nayo, na cheti kinaweza kuchukuliwa. Desemba 2018 serikali iliwaita wenye leseni wote wakahakikiwe upya. Njia ya mkato ndiyo mbaya zaidi: ukishikwa na AK47 bila ruhusa, sheria hiyohiyo inataja kifungo cha maisha. Ripoti ya Small Arms Survey ya 2018 ilikadiria kuna bunduki kama 750,000 mikononi mwa raia Kenya, na zilizosajiliwa hazikufika hata elfu kumi. Kwa hivyo anayekwambia tunahitaji bunduki nyingi zaidi ili tuwe salama, mwambie tayari ziko nyingi, na muulize huo usalama uko wapi.

Kuna watu siwezi kuwahubiria, na nawataja kwa jina la mahali: Baringo, Turkana, Samburu. Mtu ambaye ng'ombe wake wamechukuliwa mara tatu na polisi wakafika kesho yake, hiyo ni vita, na mimi wa Nairobi nitanyamaza nimsikilize. Lakini wewe wa Kasarani usijifunike na shida yake. Na hata huko, kila upande umejihami kwa miaka mingi, na watoto bado wanalala vichakani.

Najua pia nyuma ya haya yote kuna kitu cha kweli: hatuamini karao watakuja. Unapiga simu, inaita tu, au unaulizwa kama una pesa ya mafuta ya gari. Na Juni 2024 tuliona risasi zao zinaelekea wapi. Hasira hiyo ninayo. Lakini tulikuwa barabarani na bendera na chupa za maji, na tulikuwa tunasema serikali iache kutuua kwa bunduki. Sioni ni vipi jibu linakuwa kuileta hiyo bunduki mpaka kwenye meza ya chakula.

Basi tufanye nini, tukae kama kuku? Hapana. Wezi wanachukia mwangaza, kelele na muda, na hivyo vitatu vinauzwa bei rahisi. Taa za sola zinazowaka mtu akipita. Mlango wa chuma wenye komeo kubwa ndani. Grili dirishani, lakini moja iwe ya kufunguka kwa ufunguo, kwa sababu moto nao huua watu waliojifungia. Mbwa mmoja asiye na adabu. Mlango wa pili kati ya sebule na vyumba vya kulala, ufungwe usiku, ili mkora akiingia abebe tivi aende zake. Tivi ni tivi. Firimbi kila nyumba na makubaliano kwamba moja ikilia zote zinalia, na soja wa ploti alipwe kwa wakati ndipo akae macho. Hizo Nyumba Kumi mnazocheka, mahali zinafanya kazi ni mahali majirani wanajuana majina. Simu iwe na chaji kila usiku, 999 na 112 ziwe kichwani, na kama hatari iko ndani ya nyumba yenyewe, 1195 inapokea bila malipo.

Na nyinyi wa kuruka geti, tafadhali, tuma ujumbe kwa mtu mmoja ndani kwamba unaingia. Mathe atagomba. Mwache agombe.

Lakini labda kwenu imeshaingia. Buda ana leseni, ana Ceska yake, na hataiuza kwa sababu mtoto wake amesoma kitu kwenye simu. Basi kuna mazungumzo ya kumletea, na umletee akiwa ametulia, si mbele ya marafiki zake. Muulize sefu imefungwa ukutani au inabebeka. Muulize risasi zinakaa wapi. Mwambie kwamba kukiwa na mtu nyumbani ambaye hali, halali, anaongea kama anaaga, hiyo bastola inafaa itolewe nje ya nyumba siku hiyohiyo, ipelekwe mahali inaporuhusiwa kuhifadhiwa, na isirudi mpaka mtu apone. Vilevile kama yeye na mathe hawaongei vizuri. Hilo la mwisho ni gumu kumwambia mzee wa Kiafrika, najua, kwa hivyo mtumie shangazi.

Halafu muulize ufunguo uko wapi. Akijibu kwamba hakuna anayejua, muite kasiz kako ka darasa la tatu ukaulize hapohapo mbele yake.