Mtoto Anasoma Vizuri, Lakini Ameelewa Nini?

Kila matokeo ya mitihani yakitoka, swali huwa lile lile maskanini: vipi mtoto aliyezaliwa Mji wa Kale, Lamu au Vanga, mtoto anayeota kwa Kiswahili, akishindwa na somo la Kiswahili? Jawabu la haraka ni kumlaumu mwalimu aliyetoka bara. Jawabu hilo limetustarehesha miaka mingi, na mimi silikubali. Tatizo liko kwenye ufahamu, na sehemu yake kubwa tunayo sisi wenyewe majumbani.

Chukua kifungu hiki kidogo. Nimekitunga mwenyewe kwa kiasi cha mtoto wa Gredi ya 4 au 5: "Mvuvi alifika pwani alfajiri. Akaitazama bahari, na bahari nayo ilikuwa imenuna. Akakunja tanga lake, akarudi nyumbani kuota moto na wanawe." Kisha swali: kwa nini mvuvi hakwenda kuvua?

Nimewapa watoto kadhaa wa mtaani kifungu hiki. Wanakisoma bila kukwama, tena kwa sauti nzuri. Ukiwauliza "bahari imenuna" ni tamathali gani, wanajibu chapuchapu: tashihisi. Lakini swali la mvuvi linawatoa jasho. Neno "dhoruba" halimo, wala "mawimbi". Mtoto anatafuta sentensi yenye "kwa sababu", anaikosa, kisha ananakili sentensi ya kwanza kama ilivyo. Na huyu ni mtoto aliyesikia kwao mara chungu nzima kwamba upepo wa kusi ukishika, bahari haiendeki! Anayo maarifa yote yanayotakikana. Hakuna aliyemwambia kwamba maarifa ya nyumbani yanaruhusiwa kuingia darasani.

Hapo ndipo penye kasoro. Maswali ya ufahamu si ya aina moja. Kuna lile ambalo jawabu lake limeandikwa waziwazi: mvuvi alifika lini? Kuna la maana ya neno kulingana na lilivyotumika. Kuna la kichwa mwafaka au funzo. Na kuna lile la kupambanua, ambapo mwandishi amedokeza tu na msomaji ndiye anayeunganisha. Mtoto wetu hufunzwa kutafuta, na ni mara chache afunzwe kuunganisha. Mtihani wa KPSEA, uliofanywa mara ya kwanza 2022, nao humwekea majibu manne achague moja. Kuchagua kuna faida zake, kusahihisha ni rahisi, lakini hakumlazimishi mtoto kueleza kwa maneno yake amejuaje kwamba bahari ilikuwa mbaya.

Tamathali za usemi nazo tumezigeuza orodha. Mtoto anahifadhi: tashbihi ni kulinganisha kwa "kama" au "mithili ya", sitiari ni kulinganisha bila "kama", tashihisi ni kukipa kitu sifa za mtu, takriri ni kurudia. Kisha anahifadhi mifano, ile ile kila mwaka, "mrefu kama mlingoti" ikiwamo. (Mtoto wa Nyeri anaikariri mlingoti hajawahi kuuona, na wetu anayeuona kila siku naye anaikariri vile vile. Sijui nani wa kuhurumiwa zaidi.) Akimaliza ana jina la kitu, ila hajui kilikuja kufanya kazi gani pale. Kwa nini mwandishi aliamua bahari inune badala ya kuchafuka tu? Mtu akinuna, humkaribii, wamuacha mpaka atulie. Mvuvi amefanya hivyo hivyo. Mtoto akifika hapo, tashihisi ameielewa, hata jina likimpotea.

Na majina yenyewe si magumu hivyo kwa mtoto wa hapa anayekwenda chuoni jioni, maana mengi yametoka kwenye Kiarabu. Tashbihi ni kushabihisha. Tashihisi imetokana na neno lenye maana ya mtu, ndugu yake ni shakhsia. Takriri ni jamaa ya kukariri. Istiara, ambayo vitabu vya sasa huiita sitiari, asili yake ni kuazima: neno limeazimwa kutoka kwao likatumiwa kwa jirani. Ustadhi mwenye dakika tano anaweza kuyafungua haya kuliko orodha ya ubaoni.

Nikitaja chuo, kuna jambo ambalo tusiliogope. Chuoni mtoto huanza kwa kutamka. Anahitimu juzuu, herufi anazitoa mahali pake, na maana humjia baadaye kwa tafsiri. Kwa Qur'ani hilo lina msingi wake, kwani kisomo chenyewe ni ibada. Lakini mazoea hayo huhamia kwenye kitabu cha hadithi. Mtoto anasoma ukurasa mzima kwa sauti safi, babake anasema "mashallah", kitabu kinafungwa. Hakuna aliyeuliza ni nani alimkosea nani katika hadithi ile. Kusoma kwa ufasaha na kusoma kwa ufahamu ni vitu viwili, hata mtaala wa umilisi umevitenga.

Ripoti za shule nazo hazitusaidii sana. Mzazi anaambiwa mwanawe "anakaribia matarajio". Matarajio yapi? Inawezekana anasoma vizuri na kupambanua kunamshinda, inawezekana ni kinyume chake. Alama ni moja. KCPE ilikwisha 2023, na sasa mtoto hutoka Gredi ya 6 akaingia ya 7 bila kizuizi, mara nyingi katika uwanja ule ule wa shule. Ni afueni, wengi tunakumbuka machozi ya KCPE. Ila udhaifu wa kuelewa unaweza kuvuka naye kimya kimya mpaka KJSEA ya Gredi ya 9, na huko kila somo ni ufahamu. Swali la sayansi likianza na aya nzima ya maelezo, asiyeelewa aya hafiki kwenye sayansi.

Kuhusu lahaja, nitasema kidogo tu. Mtoto akiandika "mtele" au "ndia", atakosolewa, na katika Kiswahili sanifu ni haki. Mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifu ulifanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928, na Kimvita kikaachwa mlangoni mwake. Yamekwisha. Lakini mwalimu akisema "hicho ni Kimvita, hapa andika mchele", mtoto atajua ana lugha mbili. Akichorewa alama nyekundu tupu, atajua kwamba kwao hakuna lugha, na mtoto wa namna hiyo hathubutu kutumia akili yake kwenye kifungu. Hapo tunarudi kwa mvuvi wetu.

Vya kufundishia tunavyo kabatini. Kila leso ina jina lake, na jina hilo ni ufahamu wa sentensi moja. Mtandikie mtoto leso ya nyanyake umuulize: anayeambiwa hapa ni nani? Amefanya nini hata akaambiwa? Mbona hakuambiwa waziwazi? Hayo ndiyo maswali ya kupambanua, na bibi aliyenunua leso ile Biashara Street aliyajibu yote kabla hajatoa pesa. Vitendawili vile vile: yai ni nyumba isiyo na mlango, sitiari kamili, na mtoto wa miaka sita anaitegua bila kujua jina lake.

Kwa walio na vyeo: chekechea ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, shule za msingi ni za serikali kuu. Kwa hivyo gavana asituelekeze Nairobi tukimuuliza kama madarasa yake ya chekechea yana vitabu vya hadithi, na kama walimu wake huwasimulia watoto kisha wakawauliza. Na katika mkutano ujao wa wazazi, kabla ya kufika kwenye pesa za chakula na sare, ombeni daftari la ufahamu la mtoto mmoja mmoja. Hesabuni maswali yanayoanza na "kwa nini", kisha mtazame ni mangapi mtoto ameyajibu kwa maneno yake mwenyewe.